Mtoto anatumia dawa za ADHD na hali chakula: mwongozo kamili wa kumlisha asipungue kilo

Swali linalorudi kila mara ni hili hili: tumfanyeje ale? Mtoto kaanza dawa za ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kufatilia kitu mpaka mwisho, skulini mwalimu anasifu, anakaa kitini, anamaliza hesabu zake, lakini nyumbani sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka na shati la skuli linamning'inia. Mama anafoka, bibi anasema hiyo dawa inamkausha mtoto iacheni, na baada ya mwezi dawa imeachwa kimya kimya daktari hana habari. Nikiuliza mmejaribu nini, jibu ni moja: tunamlazimisha ale mchana. Na hapo ndipo panaposhindikana, kwasababu mchana ndio saa dawa iko juu kabisa.

Tatizo kubwa sio chakula gani. Ni saa ngapi.

Mwongozo huu ni kwa mtoto ambaye daktari ameshamwandikia dawa za kuamsha ubongo, yani methilifenideti (boksi utaona limeandikwa Ritalin au Concerta) au za jamii ya amfetamini kama lisdeksamfetamini, ile inayouzwa kwa jina la Vyvanse au Elvanse. Wakubwa wanaotumia pia nimewawekea sehemu yao mwisho. Humu hamna pa kuongeza wala kupunguza kidonge mwenyewe, hiyo ni kazi ya daktari.

Elewa hili kwanza

Dawa hizi zinaongeza dopamini na noradrenalini kwenye ubongo, ndio maana mtoto anatulia na anafatilia kitu mpaka mwisho. Kemikali hizo hizo zinapunguza ishara ya njaa. Kwahiyo mtoto akikwambia "sisikii njaa mama" hadeki wala hana kiburi, kweli hasikii. Hamu yake inapwa na kujaa kama bahari: asubuhi kabla ya kidonge imejaa, mchana imepwa, jioni dawa ikiisha inajaa tena, na mara nyingi inajaa kwa nguvu. Kazi yako ni kuwa na chakula tayari pale inapojaa, na usigombane nayo pale inapopwa.

Vitu vya kuwa navyo

- Mizani ya kusimama, ile ile kila unapopima. Kama huna, ya kituo cha afya karibu nawe inatosha, au ya duka la dawa, muhimu usibadilishe.
- Tepu ya fundi cherehani na ukuta ulionyooka kwa kupimia urefu.
- Daftari dogo. Simu inafaa lakini simu zinapotea na kuzimika, daftari unalibeba kwa daktari.
- Boksi la dawa lenyewe, usilitupe, maana jina, nguvu na aina ya kidonge vyote viko pale.
- Chakula cha akiba ndani: maziwa, mayai, karanga, nazi, tende, ndizi mbivu, unga wa ulezi. Hivi vyote kwa sisi wa Zanzibar masoko ya Darajani au Mwanakwerekwe unapata, Pemba ndio kabisa nazi na ndizi ziko mlangoni.
- Kontena dogo lenye mfuniko la kupeleka skuli.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kidonge cha kwanza

Uzito na urefu, andika tarehe. Asubuhi, keshakwenda msalani, nguo nyepesi, bila viatu. Ukiwa hujui alianza na kilo ngapi basi miezi mitatu mbele hutojua kama amepungua au ni macho ya bibi tu.

Kama dawa keshaanza zamani hujachelewa, pima leo na hiyo ndio iwe namba yako ya mwanzo. Angalia pia kadi ya kliniki kama bado ipo, namba za zamani zinamsaidia sana daktari.

Kwa mtoto chini ya miaka 6 kuwa makini zaidi. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za aina hii zinazokaa mda mrefu mwilini ziwekewe onyo la kupungua uzito kwa watoto wa umri huo, kwasababu dawa inapanda zaidi kwenye damu yao na uzito unashuka zaidi kuliko kwa wakubwa zao. Mdogo wa hivo hapimwi kwa kukisia.

Hatua hii imekamilika ukiwa na mstari mmoja kwenye daftari: tarehe, kilo, sentimita, jina la dawa na miligramu zake.

Hatua ya 2: Chora siku ya dawa

Chukua ukurasa uandike saa kuanzia alfajiri mpaka kulala, halafu weka alama kidonge kinamezwa saa ngapi na kinaisha saa ngapi. Kwa makadirio:

Methilifenideti ya mda mfupi inafanya kazi saa 3 mpaka 4. Concerta inakwenda kama saa 10 mpaka 12. Lisdeksamfetamini inaweza kufika saa 13 na zaidi. Kwahiyo mtoto akimeza Concerta saa 1 asubuhi, tegemea njaa irudi baina ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Akimeza ile fupi saa hiyo hiyo, saa 4 au saa 5 asubuhi inaanza kushuka, na kama ana kidonge cha pili cha mchana basi kuna kijidirisha hapo katikati cha kumpa kitu ale.

Sasa hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya nje haikugusi, zamu za skuli. Mtoto wa zamu ya asubuhi mambo yake mepesi, anameza akitoka, dawa inaisha akirudi chuoni, yani madrasa. Mtoto wa zamu ya mchana ndio mtihani, maana wazazi wengine wanasogeza kidonge kirefu mpaka saa 5 asubuhi ili kimfae darasani, na hicho kinakuja kuisha saa 5 usiku, mtoto hajala cha jioni na usingizi hana. Kama mwanao ni wa zamu ya mchana mwambie daktari wazi wazi saa anazoingia na kutoka, na saa za chuo pia, aone kama aina fupi inamfaa zaidi. Madaktari wengi hawaulizi zamu, wewe ndio useme.

Onyo: Concerta inamezwa nzima, haivunjwi, haitafunwi wala haisagwi kwenye uji, ukiivunja dawa yote inatoka kwa pamoja. Na ukiona ganda la kidonge chooni usishtuke, dawa imeshatoka ndani, ganda ndio linapita vile.

Hatua ya 3: Chakula kwanza, kidonge baadae

Hii ndio hatua yenye faida kuliko zote na ndio inayorukwa zaidi. Asubuhi ni haraka haraka, mtoto anaamshwa, anapewa kidonge na maji mkono mmoja, chai mkono wa pili, akifika kwenye mkate njaa imeshaondoka. Geuza mpango. Muamshe dakika 20 au 30 mapema, ale ashibe, ndio ameze. Vidonge hivi kwa kawaida vinakubali kumezwa na chakula au baada ya chakula, ila muulize daktari au mfamasia kuhusu hicho chako ili uwe na uhakika.

Chai ya rangi na andazi moja sio chakula cha asubuhi kwa mtoto huyu. Hichi ndio chakula chake kikubwa cha mwanzo mpaka jioni, kwahiyo kibebe uzito: mayai mawili na chapati, au muhogo wa nazi na samaki wa jana, au mbaazi za nazi na mahamri, au boko boko kama lipo. Nani kasema wali uliolala wa nazi hauliwi asubuhi? Mtoto akiupenda mpe.

Mambo yakienda sawa utaona mtoto anatoka nyumbani ameshakula karibu chakula kizima, hata mchana akigusa kidogo huna wasiwasi.

Hatua ya 4: Mchana punguza vita

Usimkalishe mbele ya sahani ya wali saa nzima. Anachojifunza pale ni kuchukia kula, na akishachukia hata jioni hamu ikirudi hakai nawe mezani. Nimeona nyumba ambazo mtoto anajificha kwa jirani saa ya chakula.

Mpe vitu vidogo vyenye nguvu na mwite bila kelele. Vinywaji vinapita kirahisi kuliko vya kutafuna: maziwa, mtindi, juisi ya parachichi iliyopigwa na maziwa. Kwenye kontena la skuli tia tende tatu nne, korosho au karanga, yai la kuchemsha, kipande cha mkate wa kumimina. Akirudisha nusu, sawa, nusu imeingia. Pesa ya kununua ubuyu, achari na barafu mpe kidogo tu kwasababu vinamjaza mdomo na tumbo havilipi chochote.

Maji pia. Dawa hizi zinakausha mdomo na joto letu la Januari na Februari unalijua, mtoto akikosa maji kichwa kinamuuma na tumbo linamkata, halafu mnasingizia dawa. Zungumza na mwalimu wake amruhusu kuwa na chupa mezani, na amwambie msaidizi wa darasa asimuadhibu mtoto kwa kubakisha chakula.

Soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vile vya makopo usimpe. Vina kafeini, vinamuongezea mapigo ya moyo juu ya dawa, na usiku halali.

Hatua ya 5: Jioni hamu inajaa, uwe tayari

Hapa ndio unapata kilo zako. Ukurasa wako wa hatua ya 2 unakwambia saa. Tuseme mtoto anatoka chuoni magharibi, dawa inaisha, ghafla anaingia ndani anafungua vyungu. Kama chakula bado kiko jikoni kinachemka mpaka saa 3 atakula biskuti pakti nzima na chakula kikiiva hana habari nacho. Chakula kiwe kimeiva akiingia mlangoni.

Halafu mpe tena kabla ya kulala. Watu wanaona ni tabia mbaya mtoto kula mara mbili usiku, lakini kwa huyu ni lazima, na hata mwongozo wa Uingereza wa ADHD uliotolewa mwaka 2018 na NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, unashauri vyakula vya ziada asubuhi mapema au jioni dawa ikiwa imeisha. Magharibi wali na mchuzi wa samaki, baada ya isha bakuli la uji au glasi ya maziwa na mkate wa ufuta. Siku mtu akipita na urojo, muongezee yai na mishkaki ndani, bajia na mbatata tayari zimo, inakuwa chakula kamili.

Jambo jengine, saa hiyo dawa inapoisha watoto wengi wanakuwa na hasira, wanalia kwa kitu kidogo. Wengine ni njaa tu ya kutwa nzima. Mpe kitu ale kwanza ndio muulize kazi za skuli.

Hatua ya 6: Tia nguvu kwenye chakula bila kukuza sahani

Mtoto mwenye hamu ndogo hamalizi sahani kubwa, kwahiyo usiongeze wingi, ongeza uzito wa kile kidogo anachokubali.

Nikuoneshe kwa uji. Uji wa ulezi mwepesi kikombe kimoja, maji matupu na sukari, una nguvu ndogo tu. Sasa upike hivi: ulezi na maji nusu, maziwa nusu. Ukishaiva epua, tia kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizosagwa laini, koroga mpaka zipotee, halafu vijiko viwili vya tui zito, lile la mwanzo kabla hujaongeza maji, na ndizi mbivu ya kuponda badala ya sukari. Karanga peke yake ni karibu kalori 95, ndizi kama 100, maziwa nusu kikombe kama 75. Kikombe ni kile kile, mtoto haoni tofauti zaidi ya utamu, lakini umempa zaidi ya mara mbili. Tui litie uji ukiwa umeshaepuliwa, ukilichemsha sana linakatika na mtoto anaona mafuta juu anakataa.

Mchezo huo huo unafanya kazi kwengine. Mchuzi wa dagaa uwe wa nazi. Mbatata za kuponda tia yai na siagi. Chapati ipake karanga. Supu uitie mbatata iponde ndani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120, ukikiongeza kwenye maharage hakuna anaejua.

Kashata, halua na visheti vimo lakini baada ya chakula, sio badala yake, na apige mswaki maana mdomo mkavu na sukari vinaoza meno haraka.

Hatua ya 7: Pima tena na usome namba, usisome macho

Mwezi wa kwanza pima kila wiki, baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Urefu kila miezi 6. NICE wanasema mtoto wa miaka 10 kushuka chini uzito uangaliwe angalau kila miezi 3.

Kilo kupungua kidogo wiki za mwanzo ni kawaida na kwa wengi hamu inarudi kiasi baada ya miezi kadhaa. Mtoto wa miaka 6 mpaka 10 kwa kawaida anaongeza kama kilo 2 mpaka 3 kwa mwaka na sentimita 5 au 6. Kwahiyo hata kusimama pale pale miezi mitatu minne, bila kushuka, tayari ni habari ya kumpelekea daktari. Na akipoteza asilimia 5 ya uzito usisubiri miadi: mtoto wa kilo 24 hiyo ni kilo moja na gramu mia mbili tu, macho hayaioni lakini mizani inaiona.

Kuhusu urefu nisikufiche. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa MTA, watoto walioanza dawa walikuwa baada ya miaka 3 wafupi kwa wastani kama sentimita 2 na wepesi kwa kama kilo 2.7 kuliko wenzao wasiotumia. Sio kitu cha kumvunja mtu moyo, lakini ndio sababu ya kupima.

Hatua ya 8: Namba zikikataa, nenda kwa daktari na maswali haya

Usiende kusema "hali chakula" tu. Fungua daftari. Halafu uliza:

Je dozi inaweza kushuka kidogo na bado ikamsaidia darasani? Je kuna aina fupi zaidi ili jioni iwe wazi? Je anaweza kupumzika Jumamosi na Jumapili, au likizo, ili apate kukua? Je zile zisizo za kuamsha kama atomoksetini au guanfasini zinamfaa? Hapo jua kwamba atomoksetini nayo inaweza kupunguza hamu, na guanfasini inaleta usingizi, kila moja ina lake. Je tuangalie damu, minyoo, au kitu chengine? Maana mtoto wa kisiwani kupungua sio lazima iwe dawa.

Mapumziko ya dawa ni ya kupanga na daktari kwasababu kuna watoto ambao bila dawa wanakimbilia barabarani au baharini bila kuangalia, kwao siku moja bila kidonge ni hatari kuliko kilo moja.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo akizimia, akiumwa na kifua, moyo ukimwenda mbio hata akiwa amekaa, akikataa chakula na maji siku nzima, au akianza kusema maneno ya kujidhuru.

Vidonge vya kunenepesha, tafadhali sana

Kuna watu wanauza vidonge na sirapu za "kuongeza hamu" mpaka mitandaoni. Nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa, na nyengine zimechanganywa na deksamethasoni ambayo ni steroidi. Siproheptadini madaktari wengine wanaiandika kwa watoto wa aina hii, kwa kipimo na kwa mda, hilo ni sawa. Lakini steroidi kwa mtoto inavimbisha uso kwa maji na mafuta, inashusha kinga na inazuia urefu, yani kile kile ulichokuwa unakiogopa. Shangazi akikuletea kwa mapenzi, mshukuru na usimpe mtoto.

Ramadhani

Mtoto ambaye hajabaleghe hajafaradhishiwa, na mgonjwa ana ruhusa kwenye sura ya Al-Baqara. Lakini wengi wanataka kufunga na wenzao, kwahiyo kaa na daktari wiki mbili kabla, na sheikh wako kama una swali la kidini.

Kidonge kirefu kikimezwa baada ya daku saa 10 alfajiri kinaisha saa 10 alasiri, mpaka kwenye futari hamu ipo na mtoto anakula vizuri, hilo ni zuri. Baya ni kiu na kichwa, kwahiyo daku liwe na maji mengi na chakula cha kukaa tumboni, sio chai na kaimati. Usimpe kidonge baada ya futari ili "afidie", hatolala mpaka daku. Na kama uzito wake ulikuwa tayari unashuka Shaaban, Ramadhani sio mwezi wa kujaribu.

Kwa wakubwa

Mtu mzima anafanya hatua zile zile ila anajidanganya zaidi, anasema nimepungua afadhali. Dawa hizi sio za kupunguza mwili. Lisdeksamfetamini Marekani imeruhusiwa pia kwa wakubwa wenye ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kujizuia, lakini maelezo yake yenyewe yanasema haikuruhusiwa kwa kupunguza uzito. Usimgawie rafiki vidonge vyako aingie gauni la harusi, methilifenideti na amfetamini zinadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na moyo wake hujui ukoje.

Wengi wenu hamli kutwa, mnaishi kwa kahawa, saa 3 usiku mnakula chungu kizima halafu mnalala. Weka alamu saa 7 mchana, kula hata kama hamu hakuna, nusu sahani yenye samaki au maharage inatosha, na ile njaa ya usiku haiji kwa kishindo. Pima presha kila unapokwenda kuchukua dawa, na ukipanda boti kwenda Dar au Pemba beba vidonge kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya daktari.